Melba Liston na santuri ya Uhuru Afrika: kalamu iliyoandika sauti za wengine

Tarehe 17 na 18 Novemba 1960, wapiga ala zaidi ya 20 walikusanyika katika studio ya Bell Sound, jijini New York, kurekodi kazi moja ndefu ya mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston. Kazi hiyo aliiita Uhuru Afrika. Ilikuwa na sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Tanganyika wakati huo haikuwa huru. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na wiki tatu. Kenya ilikuwa na miaka mitatu ya kungoja. Na pale Manhattan, Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga alisimama mbele ya maikrofoni akasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi mkubwa wa Wamarekani weusi, Langston Hughes.

Mpenzi wa jazz anayeijua santuri hii atakutajia Weston, atakutajia Hughes, kisha atahesabu mastaa waliokuwamo: Max Roach, Freddie Hubbard, Clark Terry, Yusef Lateef, Ron Carter, Kenny Burrell. Mara nyingi ataishia hapo. Aliyeipanga kazi yote, aliyeamua kila tarumbeta iingie wapi na kila saksafoni ishike sauti gani, ni mwanamke wa miaka 34 aliyeitwa Melba Liston.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina mwizi. Katika historia ya jazz zimejaa habari za wenye kampuni waliojiandika watunzi wa nyimbo wasizozitunga, na viongozi wa bendi waliojitwalia kazi za vijana wao. Hapa hakuna mtu wa namna hiyo. Weston alimsifu Liston hadharani, akamtaja katika mahojiano, akarudi kwake kwa kazi baada ya kazi kwa miaka karibu 40. Hata hivyo jina lake lilizama. Nataka kuonyesha lilizamaje, maana mtu anaweza kufutika katika kumbukumbu za muziki bila yeyote kukusudia kumfuta, na aina hiyo ya kusahaulika ndiyo ngumu zaidi kuirekebisha.

Kwanza, kazi yenyewe. Weston alikuwa mtunzi. Alikuja na nyimbo, midundo na wazo zima: kusherehekea mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala, na kumwambia Mmarekani mweusi kwamba habari hiyo ni yake pia. Baba yake, Frank Edward Weston, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey na alimlea mwanawe akimweleza kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Wazo hilo lilikuwa limekaa kichwani mwa Weston miaka mingi kabla ya studio.

Lakini wazo na wimbo kwenye piano havijawa muziki wa bendi ya watu zaidi ya 20. Mtunzi ni kama mtu anayefika kwa fundi cherehani na kitambaa kizuri: kikipendeza mwilini, ni mkasi wa fundi uliofanya hivyo. Weston alimpigia Liston nyimbo zake kwenye piano. Liston alizichukua, akakaa na karatasi. Mbele yake alikuwa na tarumbeta nne, tromboni tatu, honi ya Kifaransa, safu ya saksafoni na filimbi, magitaa, mabesi mawili, seti za ngoma zinazopigwa kwa miguu na mikono, tumba, na waimbaji wawili, Martha Flowers na Brock Peters. Ilimpasa aamue nani apulize nini, kwa mpigo upi, kwa sauti ya juu au ya chini, kwa nguvu au kwa ulaini, na nani anyamaze. Kunyamazisha ala ni nusu ya kazi ya mpangaji, na ni nusu ambayo msikilizaji hawezi kuisikia.

Kuna ugumu mwingine ambao watu wa nje hawaujui. Ala za kupuliza hazisomi noti sawasawa. Mpiga tromboni akiona do anapuliza do ya piano. Mpiga tarumbeta akiona do ile ile, sauti inayotoka iko hatua moja chini yake. Saksafoni ya alto na ya baritoni zina hesabu yao, honi ya Kifaransa ina yake. Mpangaji huzigeuza hesabu hizi zote akiwa bado anafikiria wimbo. Kisha kutoka kwenye karatasi yake kubwa, ambapo ala zote zimepangwa mstari chini ya mstari, lazima itolewe karatasi ya kila mpigaji peke yake. Mwaka 1960 hakukuwa na kompyuta wala mashine ya kutoa nakala yenye kufaa kwa kazi hiyo. Wanakili waliandika kwa wino, kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, na kosa dogo la mwanakili saa nane usiku lilikuwa gharama ya studio asubuhi yake. Hawa wanakili ndio waliosahaulika kuliko wote katika jazz; majina yao hayapo hata pale yalipo ya wabeba ala.

Liston aliufikiaje ustadi huo?

Alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926. Alipata tromboni yake ya kwanza akiwa na miaka saba. Aliiona dukani akaitamani, na mama yake akamnunulia, ingawa mkono wa mtoto wa umri huo haufiki mwisho wa kile chuma cha kuteleza. Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles, na huko akaangukia mikononi mwa Alma Hightower, mwalimu mweusi aliyefundisha watoto wa mtaa muziki, ushairi na namna ya kusimama jukwaani. Hightower ni mtu mwingine ambaye historia imempita. Kutoka katika bendi yake ya watoto walitoka wanamuziki wa kazi, naye mwenyewe hakuacha santuri yoyote yenye jina lake kubwa.

Akiwa na miaka 16 Liston aliingia kazini katika bendi ya ukumbi wa Lincoln Theatre. Pale bendi iliwasindikiza wasanii wageni, na wasanii hao walihitaji muziki uandikwe haraka. Ndipo kalamu yake ilipoanza kulipwa. Baadaye alijiunga na bendi ya Gerald Wilson, na mwaka 1947 akarekodi na mpiga saksafoni Dexter Gordon, kijana mwenzake wa Los Angeles.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie alimchukua katika bendi yake kubwa. Liston mwenyewe alisimulia namna alivyopokewa katika bendi za Gillespie. Wanaume wa bendi walinung'unika, kwa lugha ya matusi, kwamba kiongozi wao amemtoa mwanamke mbali yote hiyo kwa ajili ya tromboni. Gillespie hakubishana nao. Aliagiza karatasi za mpango ambao Liston alikuwa ameuandika zigawiwe mezani, akawaambia wapige. Hawakufika mbali. Mipigo michache tu wakapotea, kila mmoja njia yake. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena mwanamke huyo amekuja kufanya nini.

Wasimuliaji wengi huishia hapo wakiridhika kwamba haki imetendeka. Mimi naona sehemu inayofuata ni nzito zaidi. Liston alieleza kwamba baada ya kukubaliwa, alianza kuombwa na wale wale ashone vifungo na akate nywele. Yaani hata heshima ilipokuja, ilikuja na kazi za nyumbani juu yake. Mwenzake wa kiume aliyemaliza onyesho alikwenda kulala au kunywa. Yeye alikuwa na shati la mtu la kushona, na baada ya hapo mpango wa kesho wa kuandika.

Mwaka 1949 alisafiri na bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini. Safari ilikwenda vibaya, watu hawakuja kumbini, na bendi ikakwama South Carolina bila fedha. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye Liston alizungumza wazi pia kuhusu kubakwa na kudhulumiwa akiwa barabarani na bendi, tena si mara moja. Aliliacha jukwaa. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani katika ofisi za elimu za Los Angeles, na akapata vijisehemu katika sinema. Katika ile ya The Ten Commandments ya mwaka 1956 yumo, akipiga kinubi.

Hili lapasa lisomwe kama ushahidi. Mtu anaposema kwamba wanawake wapiga ala za shaba walikuwa wachache, anafaa kuuliza ni wangapi walianza na nani aliwaondoa. Liston ni mmoja aliyerudi. Ofisi ilikuwa na mshahara wa kila mwezi na mlango unaofungwa kwa ndani. Hakuna mtu anayepaswa kumlaumu aliyeichagua.

Aliyemrudisha ni Gillespie tena, mwaka 1956, pale serikali ya Marekani ilipoamua kutuma bendi ya jazz nje kama balozi wake. Bendi ilipita Iran, Pakistan, Syria, Lebanoni, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki, kisha baadaye Amerika Kusini. Liston alikuwa mwanamke pekee aliyepiga ala, na aliandika baadhi ya mipango iliyopigwa. Fikiria picha hiyo: nchi ambayo katika majimbo yake ya kusini haikumruhusu kukaa mkahawa mmoja na mzungu ilimpeleka Damascus aonyeshe uhuru wa Marekani.

Bendi hiyo iliporudi New York, Weston alimsikia ukumbini Birdland na akamwendea. Mwaka 1958 walirekodi kazi yao ya kwanza kubwa pamoja, Little Niles, nyimbo ambazo Weston alizitunga akiwafikiria watoto. Mwaka huo huo Liston alirekodi santuri iliyokuwa na jina lake mwenyewe, Melba Liston and Her 'Bones, akizungukwa na wapiga tromboni wenzake. Maisha yake yote hakupata nafasi ya nyingine kama kiongozi. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Basi tufike kwenye Uhuru Afrika. Weston alitaka kazi ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, lugha isiyofungwa na mpaka wa kabila moja. Alikwenda kuuliza Umoja wa Mataifa, akaelekezwa kwenye Kiswahili. Jambo hili kwetu halishangazi likitazamwa kutoka upande wa Tanganyika. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiwa watawala wake, kwa hiyo njia ya kudai uhuru ilipita New York. Nyerere alikwishasimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, na Watanganyika wengine walifika pale kupeleka madai. Sanga alikuwa mmoja wao. Jina lake, ambalo mtu wa Njombe au Makete akilisikia anajua limetoka milima gani, limo katika orodha ya washiriki wa santuri hiyo pamoja na akina Max Roach. Ndiye aliyeweka maneno ya Hughes katika Kiswahili, na ndiye unayemsikia akiyasoma.

Nimekutana na Waswahili wengi wanaopenda muziki wa zamani, wanaoweza kukutajia waliopiga gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz, Western Jazz au Morogoro Jazz, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba Kiswahili kilisikika katika kazi kubwa ya jazz ya Marekani kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Sisi neno jazz tulilipokea na kulibandika kwenye bendi zetu za dansi, ambazo damu yake ilitoka zaidi Cuba na Kongo. Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, Weston na Liston walikuwa wakiwaita studioni Candido Camero na Armando Peraza kutoka Cuba, pamoja na Babatunde Olatunji wa Nigeria, wapige ngoma zao ndani ya jazz. Pande mbili zilikuwa zikitafutana bila kujuana.

Liston hakupuliza tromboni katika kikao hicho. Viti vya tromboni vilikaliwa na Slide Hampton, Jimmy Cleveland na Quentin Jackson. Yeye alikuwa kwenye karatasi. Ukitaka kumsikia, sikiliza sehemu ya chini ya bendi: zile tromboni tatu, honi ya Kifaransa ya Julius Watkins na saksafoni ya baritoni ya Cecil Payne. Ala hizi zina sauti nzito, na mpangaji asiye na mkono huzirundika pamoja hadi zinaziba ngoma. Kwa Liston ngoma zinabaki wazi. Mwandishi wa mipango aliyekulia kwenye tromboni anajua uzito huo unakaa vipi kifuani kwa mpulizaji, na nadhani hicho ndicho kilichompa uhuru ambao wapangaji waliokulia kwenye piano hawakuwa nao.

Kisha kuna African Lady, sehemu ya pili, ambapo Flowers na Peters wanaimba maneno ya Hughes ya kumtukuza mwanamke mweusi. Sifa ile iliandikiwa ala na mwanamke mweusi aliyekuwa ameshashonea wanaume vifungo, ameshakwama South Carolina, ameshakaa ofisini akiwa amekata tamaa na jukwaa. Kila ninapoisikiliza sehemu hiyo nahisi ingefaa jina lake litajwe kwanza kabla ya wimbo kuanza.

Santuri ilitolewa na kampuni ya Roulette mwaka 1961. Huko Afrika Kusini serikali ya makaburu iliipiga marufuku miaka michache baadaye. Walikuwa na sababu: kichwa chake peke yake kilitosha kuwakosesha usingizi.

Sasa swali lenyewe. Kazi kama hii, kwa nini haikumfanya Liston awe jina?

Jibu la haraka ni kwamba mpangaji hukaa nyuma, na ndivyo kazi ilivyo. Jibu hili halitoshi. Katika miaka hiyo hiyo Gil Evans, mwanamume mzungu, alikuwa akipanga muziki wa mpiga tarumbeta Miles Davis. Santuri yao Miles Ahead ya 1957 ilitaja jina la Evans kwenye jalada, na Sketches of Spain ya 1960 ikamfanya ajulikane dunia nzima. Watu huzungumza juu ya Davis na Evans kama watu wawili walioshirikiana. Weston na Liston walishirikiana kwa muda mrefu zaidi, na bado wanaandikwa kama Weston na mpangaji wake. Kwa hiyo upangaji wenyewe haukuwa pazia. Billy Strayhorn, aliyeandika sehemu kubwa ya muziki wa bendi ya Duke Ellington, naye alikaa kivulini muda mrefu; alikuwa mweusi, na alikuwa shoga asiyejificha katika zama zilizomtaka ajifiche. Ukiwapanga watatu hawa, unaona kwamba kazi ilikuwa moja, na walichotofautiana ni aina ya mtu ambaye waandishi na makampuni walikuwa tayari kumwita bwana wa muziki.

Jambo la pili ni fedha, na fedha huacha nyayo za karatasi. Katika biashara ya muziki ya Marekani mtunzi husajiliwa na hulipwa kila kazi inapotumika. Mpangaji wa kuajiriwa hulipwa mara moja, kazi ikiisha, na haki zinabaki kwa wengine. Matokeo yake hayaishii mfukoni. Kila rejesta inayotunza malipo hutunza pia kumbukumbu, na asiyekuwa na malipo ya kuendelea hana mtu wa kumtafuta, hana barua za kampuni, hana faili. Miaka 30 baadaye mwandishi wa historia anayefungua mafaili anawakuta watunzi na viongozi.

La tatu ni rafu za duka. Santuri hupangwa kwa jina la kiongozi. Liston aliandika mipango kwa Gillespie, kwa Quincy Jones, kwa Milt Jackson, kwa Johnny Griffin, kwa mwimbaji Gloria Lynne, hata kwa Marvin Gaye pale kampuni ya Motown. Kazi yake imo katika rafu za watu hao wote. Katika rafu ya herufi L kuna santuri ile moja ya 1958. Mkusanyaji makini anaweza kuwa na saa nyingi za muziki wa Liston nyumbani kwake na asijue. Huduma za muziki za mtandaoni zimeurithi mpango huo huo wa rafu: zinakuonyesha jina la msanii mkuu na picha ya jalada, basi.

Na ipo sababu ya nne, ambayo wapenzi wa jazz hatupendi kuikubali. Sisi tumeijenga historia ya muziki huu juu ya solo. Tunasimulia nani alimshinda nani kwenye shindano la usiku, nani alipuliza kipande gani bila kupumua. Masimulizi hayo ni matamu, nami nayapenda. Ila yanamfanya mtu aliyeandaa uwanja mzima aonekane kama mtumishi wa aliyekimbia juu yake. Freddie Hubbard alikuwa na miaka 22 katika kikao cha Uhuru Afrika. Ukisikia solo inakaa vizuri, uliza ni nani aliyemwachia mpigaji nafasi, nani aliyemwekea nyuma yake ala za kumsukuma, nani aliyejua azime bendi lini.

Baada ya 1960 maisha ya Liston yalikwenda kwa namna ambayo haikumsaidia kujulikana, na sidhani kama alijali. Alifanya mambo mengine na Weston, ikiwamo santuri ya Highlife ya mwaka 1963, iliyotokana na safari ya Weston Nigeria. Weston alihamia Moroko mwishoni mwa miaka ya 1960. Liston alikwenda Jamaika mwaka 1973 akafundisha katika chuo cha muziki cha Kingston hadi 1979, na akatunga muziki wa filamu ya Smile Orange. Miaka sita ya kufundisha vijana katika kisiwa chenye muziki unaochemka, wakati reggae inatikisa dunia, ni mchango mkubwa. Lakini mwalimu haandikwi katika magazeti ya jazz. Hightower naye hakuandikwa.

Aliporudi Marekani aliunda bendi yake. Mwaka 1985 alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalegea, na tromboni ikaisha. Watu wengi wangeweka nukta hapo. Yeye alijifunza kuandika mipango kwa kompyuta. Mwaka 1987 alipewa tuzo ya taifa ya Marekani ya wakuu wa jazz. Kisha Weston akamletea tena nyimbo, naye akaandika mipango ya The Spirits of Our Ancestors mwaka 1991 na Volcano Blues mwaka 1993. Ukisikiliza ya 1991, ala za shaba bado zimekaa chini kwa uzito, na ngoma bado ziko wazi.

Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999. Karatasi zake zilikwenda Chicago, katika kituo cha utafiti wa muziki wa watu weusi kilichokuwa Columbia College, na hapo ndipo mambo yalianza kubadilika. Mwaka 2014 jarida la kituo hicho lilitoa toleo zima kuhusu Liston. Watafiti walikaa na mipango yake, wakasoma mwandiko wake, wakafuatilia alivyofuta na kuandika upya. Kwa mara ya kwanza alichunguzwa kama Evans na Strayhorn wanavyochunguzwa: kwa maamuzi yake ya kimuziki. Kabla ya hapo aliandikwa zaidi kama kioja, mwanamke mwenye tromboni.

Naona hapo pana njia hata kwa muziki wetu. Bendi za dansi za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na wapulizaji wazuri sana, na kuna watu waliozipanga zile saksafoni na tarumbeta zijibizane na gitaa. Tunawajua waimbaji, tunawajua watunzi, tunawajua wapiga solo. Waliopanga pembe, yaani hizo ala za kupuliza, mara nyingi mazoezini, bila karatasi, tumewaacha. Baadhi yao bado wapo hai. Kwa Liston watafiti walikuwa na karatasi. Kwa hawa wazee kuna kumbukumbu zao wenyewe tu. Mwenye kinasa sauti kwenye simu yake na mzee wa bendi mtaani kwake aende akamkalishe, amchezee rekodi, amuulize kipande kwa kipande: hapa nani alisema pembe ziingie? Nani alisema zitoke?

Uhuru Afrika inapatikana mtandaoni, kwa jina la Randy Weston. Watangazaji wa redio wa Kiswahili wanaotafuta kitu cha kupiga siku za sherehe za uhuru, tarehe 9 Desemba Dar es Salaam au tarehe 12 Nairobi, wanayo hapa kazi inayofunguliwa kwa lugha yao wenyewe. Wakiipiga, watangaze hivi: utunzi wa Randy Weston, maneno ya Langston Hughes, Kiswahili cha Tuntemeke Sanga, mpango wa Melba Liston. Inachukua sekunde kumi.